Barua ya Wazi kwa Marais wa Afrika Mashariki: Tuulizeni Kabla ya Kutia Saini

Kwa: Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki
Kupitia: Katibu Mkuu wa Jumuiya, Makao Makuu, Arusha

YAH: KURA YA MAONI KUHUSU KATIBA YA FUNGAMANO LA KISIASA

Waheshimiwa Marais,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu. Nanunua Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, napakia, navusha Namanga, nauza Nairobi. Kazi hii ndiyo imenisomeshea watoto, na bila Jumuiya isingekuwa kama ilivyo. Naanza na hilo asije mtu akanipachika kwenye kundi la wasioutaka umoja. Katiba ya Fungamano ikiletwa kesho na ikawa nzuri, nitaipigia kura ya ndiyo. Shida ni kwamba sioni popote palipoandikwa kuwa nitaipigia kura.

Njia ya kawaida nimeijaribu. Niliiandikia ofisi inayohusika, nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa na inafanyiwa kazi. Nikahudhuria mkutano wa wadau, nikanyoosha mkono, nikaambiwa swali la namna hiyo liko ngazi ya juu. Ngazi ya juu ni ninyi, Waheshimiwa, kwa hiyo nimepanda.

Kwa faida ya wasomaji wengine: Mei 2017 mkutano wenu ulipitisha Fungamano la Kisiasa kuwa hatua ya mpito kuelekea Shirikisho, lile lililotajwa katika Ibara ya 5 ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999 kuwa mwisho wa safari baada ya Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja na Umoja wa Fedha. Mkaunda kamati ya wataalamu kuandika katiba yake, chini ya Jaji Benjamin Odoki, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Kamati hiyo ilianza kukusanya maoni Burundi mwaka 2020, ikafika Uganda, na mwaka 2023 ikawa Kenya. Ninachoomba nakitaja mapema nisiwapotezee muda: katiba hiyo isitiwe saini wala kupitishwa na bunge lolote kabla ya wananchi wa nchi husika kuipigia kura ya maoni, wakiwa na maandishi yake mikononi.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mamlaka yanayotaka kuhamishwa ni ya wananchi.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza na jambo hilohilo, na ya Uganda ya 1995 vilevile. Wakenya wakaongeza ulinzi: kwa Ibara ya 255, badiliko linalogusa mamlaka ya wananchi au ukuu wa Katiba lazima lipite kwenye kura ya maoni. Waganda nao wana Ibara ya 260 inayoilinda ibara yao ya kwanza kwa njia hiyohiyo. Sisi Watanzania hatuna ulinzi wa aina hiyo. Theluthi mbili ya wabunge inatosha, na kwa mambo ya Muungano, theluthi mbili ya kila upande.

Sasa tazameni Namanga. Ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Siku katiba yenu ikifika, muuza chai wa upande wa Kenya ana mahali pa kusimama kisheria akadai aulizwe. Mwenzake wa upande wetu, ambaye wanaazimana sukari, atasubiri kutangaziwa kwenye taarifa ya habari. Umoja wa watu hauwezi kuanza hivyo.

Wanasheria wenu watasema Fungamano halichukui mamlaka ya nchi: kila moja inabaki na bendera yake, jeshi lake na kiti chake Umoja wa Mataifa, na inakabidhi yale tu iliyokubali. Sawa. Lakini Ibara ya 8 ya Mkataba tulionao tayari inazipa sheria za Jumuiya nafasi ya juu kuliko sheria za nchi zinazohusu jambo hilohilo. Na ninyi wenyewe mmeandika kwamba Fungamano ni la mpito, tunaelekea Shirikisho. Aliyepanda basi lililoandikwa Dodoma haambiwi asijali kwa sababu bado liko Chalinze.

2. Tumeshawahi kurukwa, na Mahakama yenu ndiyo iliyosema.

Mwaka 2006 Profesa Anyang' Nyong'o, mwanasiasa wa Kenya, na wenzake walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki wakilalamika kwamba Wakenya tisa waliopelekwa Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa na bunge lao kama Ibara ya 50 ya Mkataba inavyotaka. Novemba mwaka huo Mahakama ikazuia wasiapishwe. Katikati ya Desemba, kesi ya msingi ikiwa bado haijaamuliwa, wakuu wa nchi wakawa wamesharekebisha Mkataba: Mahakama ikagawanywa sehemu mbili, ya mwanzo na ya rufaa, na vikaingizwa vifungu vipya vya kuwasimamisha na kuwaondoa majaji. Haraka ya namna ile haijawahi kuonekana katika kuondoa kizuizi cha barabarani hata kimoja.

Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kikafungua kesi. Mwaka 2008 Mahakama ikatamka kwamba kurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikwenda kinyume cha msingi wa Mkataba wenyewe, ule wa Ibara ya 7 unaotaka ushirikiano unaowaweka watu mbele. Hata hivyo ikayaacha marekebisho yasimame, kwa maelezo kwamba hukumu ifanye kazi kwa siku zijazo. Waheshimiwa, siku zijazo zilizotajwa katika hukumu ile ndizo hizi.

3. Brexit haithibitishi mnachodhani inathibitisha.

Kila nikitaja kura ya maoni najibiwa neno moja: Brexit, yaani kule kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Kwamba Waingereza waliulizwa, wakaharibu, na sisi tukiulizwa tutaharibu. Hoja hii inarudiwa sana na watu wanaojua kusoma, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Ulaya Januari 1973, chini ya Waziri Mkuu Edward Heath, bila wananchi kupigiwa kura ya maoni. Waliulizwa Juni 1975 wakiwa tayari wamo ndani, na asilimia 67 wakasema tubaki. Baada ya hapo kimya cha miaka 41. Katika kimya hicho ukaja mkataba wa Maastricht wa 1992 ulioigeuza jumuiya ya biashara kuwa Umoja wa Ulaya, ukaja wa Amsterdam, ukaja wa Nice, ukaja wa Lisbon. Yote ikapita bungeni. Mtu aliyepiga kura ya ndiyo mwaka 1975 akidhani anakubali soko, alizeeka akigundua kwamba soko lina bunge, uraia na mahakama inayozishinda za kwao, na hakuna aliyerudi kumuuliza. Alipoulizwa hatimaye, tarehe 23 Juni 2016, alijibu maswali yote ya nyuma kwa mkupuo mmoja: asilimia 51.9 wakasema tutoke.

Na swali lenyewe lilikuwa la mstari mmoja, kubaki au kutoka. Kutoka kwenda wapi? Wanabaki kwenye soko la pamoja au hawabaki? Mpaka kati ya Ireland mbili utakuwaje? Hakuna karatasi iliyokuwa na majibu. Kulikuwa na basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, hesabu iliyoacha nje punguzo ambalo nchi hiyo ilikuwa inapata. Sheria iliyoitisha kura ile haikusema matokeo yakitoka yatafanyiwa nini. Ndiyo maana Januari 2019 Waziri Mkuu Theresa May alipeleka mpango wake bungeni ukaangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202, na nchi ikatoka Januari 2020, imechoka.

Kwa hiyo kosa la Waingereza si kuuliza. Walikaa miaka 41 bila kuuliza, halafu wakauliza bila maandishi. Makosa yote mawili sisi tuko njiani kuyarudia.

Wako waliofanya tofauti. Denmark iliwapelekea wananchi mkataba wa Maastricht Juni 1992, na asilimia 50.7 wakakataa. Serikali haikuwatukana. Ilirudi mezani na wenzake, ikapata msamaha katika mambo manne, yakiwemo sarafu na ulinzi, ikaleta upya mwaka 1993, na asilimia 56.7 wakakubali. Ule msamaha wa ulinzi ulikaa karibu miaka 30. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Wadenmark wenyewe wakaupigia kura ya kuuondoa, asilimia 66.9. Hapakuwa na aliyewasukuma. Hapo ndipo mtu anapoona tofauti kati ya mamlaka yaliyotolewa na mamlaka yaliyochukuliwa.

Ireland, tangu hukumu ya mahakama yao ya juu katika kesi ya Crotty mwaka 1987, hupeleka mikataba mikubwa ya Ulaya kwa wananchi. Mwaka 2008 wakaukataa mkataba wa Lisbon kwa asilimia 53.4, na haishangazi: Charlie McCreevy, kamishna wao wenyewe huko Brussels, alikuwa amekiri hadharani kwamba hajausoma wote. Serikali ikachunguza kwa nini wamekataa, ikaleta dhamana kuhusu kodi, msimamo wao wa kutojiunga na ushirika wa kijeshi, na kila nchi kubaki na kamishna wake. Mwaka 2009 asilimia 67.1 wakakubali. Wapo wanaosema Waireland walirudishwa kwenye sanduku mpaka wajibu vizuri. Lawama hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe sipendi kuona swali linarudishwa haraka vile. Lakini walichopata katikati kiliandikwa na kinasomeka.

Msichopaswa kuiga ni Ufaransa na Uholanzi. Mwaka 2005 walipelekewa Katiba ya Ulaya, tena Ufaransa kila nyumba ilipelekewa maandishi yake kamili. Wafaransa wakakataa kwa karibu asilimia 55, na siku tatu baadaye Waholanzi kwa asilimia 61.5. Viongozi wakaivua jina la katiba, wakayahamishia mengi ya yaliyokuwemo kwenye mkataba wa Lisbon, wakaupitisha bungeni. Kuuliza kisha kupuuza ni kubaya kuliko kutouliza kabisa, na kinyongo cha jambo lile bado kinawapatia kura wanasiasa wa Ufaransa wanaotaka kuubomoa umoja wote.

4. Sarafu.

Mlisaini Itifaki ya Umoja wa Fedha Novemba 2013 mkilenga 2024. Mwaka huo umepita, sasa tunaambiwa 2031. Wadenmark waliulizwa kuhusu yuro mwaka 2000, Waswidi mwaka 2003, wote wakakataa, na mpaka leo ni wanachama wa Umoja wa Ulaya wenye haki zao. Shilingi yangu nami nataka niulizwe.

5. Kilichosainiwa bila sisi kinavunjika kwa tangazo moja la serikali.

Hoja hii naijua kwa mikono yangu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010. Inasema mtu wa nchi mwanachama aruhusiwe kuhama, kufanya kazi na kufungua biashara nchi nyingine mwanachama. Kwenye karatasi, mzigo wangu usiozidi dola 2,000 unapita kwa kile cheti kifupi cha asili ya bidhaa kinachojazwa palepale mpakani. Na siku nyingi kweli unapita. Afisa anaangalia nyavu, anahesabu, anagonga muhuri, unaondoka.

Halafu inakuja siku ambayo pametoka agizo. Agizo lenyewe linaweza kuwa la mahindi, lakini foleni haichagui. Kitunguu kilichokaa juani kinajisema chenyewe: nyavu za chini zinaanza kutoa maji, turubai linashika harufu, na jioni dalali wa Nairobi anapiga simu kupunguza bei ambayo mlikubaliana asubuhi. Hapo hakuna Ibara ya kumwonyesha.

Mifano yenye tarehe mnaijua. Oktoba 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya, na ikapiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya. Rwanda iliufunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna Februari 2019, ukafunguliwa Januari 2022. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia kutuma fedha kwa simu na saluni hadi kununua mazao shambani.

Hilo la kununua shambani linanihusu, na sitajifanya. Wanunuzi wa Kenya walikuwa wanafika Mang'ola wenyewe, wanaingia mpaka kwenye matuta, wanamwekea mkulima bei ambayo sisi hatuiwezi. Amri ile imenipunguzia washindani. Lakini mkulima aliyekuwa na wanunuzi wawili sasa ana mmoja, na huyo mmoja ni mimi, na hilo analijua kama ninavyolijua.

Kwa nini amri ya waziri mmoja inaweza kuipindua itifaki iliyosainiwa na marais watano? Kwa sababu hakuna mwananchi anayeiona itifaki ile kuwa yake. Wakati vifaranga vinachomwa, wapo walioshangilia. Waziri anayevunja ahadi ya Jumuiya hapotezi kura hata moja, pengine anaongeza. Ahadi ambayo mtu aliitolea kura mwenyewe, baada ya kubishana nayo miezi kadhaa kwenye vijiwe na redioni, inamgharimu anayeivunja. Fungamano likipita kimyakimya litakuwa na uti wa mgongo uleule wa Soko la Pamoja, nalo litachomwa moto siku mwanasiasa fulani akiwa na shida ya uchaguzi.

Hata mbele ya Ulaya tumeshindwa kusimama pamoja. Ule mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya tuliojadiliana nao kama Jumuiya, Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016, Tanzania ikakataa, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa ni huko kujitoa kwa Uingereza. Desemba 2023 Kenya ikasaini wa kwake peke yake. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema wananchi wa nchi zote mbili waliyasoma magazetini.

6. Maoni yaliyokusanywa si kura.

Naiheshimu kamati ya Jaji Odoki. Lakini kikao cha wadau ukumbini, chenye orodha ya waalikwa na chai ya saa nne, hakiwezi kusimama mahali pa sanduku. Anayealikwa ni mwenye chama, mwenye asasi, mwenye cheo. Mkulima wa Mang'ola hana barua ya mwaliko.

Na ushahidi kwamba kuuliza watu wengi kunasaidia tunao hapahapa. Kamati ya mwaka 2004 ya Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wa wakati ule, ilipendekeza Shirikisho liharakishwe. Mwaka 2006 na 2007 wananchi wakaulizwa maoni nchi kwa nchi. Watanzania walio wengi walikataa haraka ile, na mkutano wa marais wa Agosti 2007 hapa Arusha ukakubali twende hatua kwa hatua. Waliowatangulia walisikia hapana na dunia haikuanguka.

Kuna na suala la lugha. Mkataba wa 1999 uliandikwa kwa Kiingereza na ukakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kikaachiwa ahadi ya kuendelezwa. Rasimu ya katiba ikitoka kwa Kiingereza kwanza na Kiswahili kikafuata mjadala ukiwa umeshakwisha, basi waulizwaji watakuwa ni wale wale wa ukumbini.

7. Kura zihesabiwe nchi kwa nchi.

Mwaka 2016 Scotland ilipiga asilimia 62 kubaki, ikatolewa kwa kura za wengine, na jambo hilo mpaka leo ni kidonda. Sisi tuna Zanzibar. Muungano wa 1964 haukupigiwa kura ya maoni, na kero zake tunazijadili mpaka leo. Lakini Zanzibar ndiyo inayojua kazi hii kuliko Bara: Julai 2010 iliuliza wananchi wake kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa na asilimia 66.4 wakakubali. Bara haijawahi kupiga kura ya maoni ya kitaifa. Ile ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na kuahirishwa kwenyewe hakujapata tarehe. Sheria yake, hata hivyo, ilikuwa na kitu kizuri: ilitaka zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Kifungu hicho kirudishwe.

Najua ugumu uliopo. Mashariki mwa Kongo kuna vita; Sudan Kusini haijafanya uchaguzi mkuu tangu ipate uhuru. Mkisema nchi zote nane zipige kura siku moja, hatutapiga kamwe, na pengine wapo wanaolitegemea hilo. Mkataba wenyewe unaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti. Zilizo tayari ziulize watu wao na zianze, nyingine zijiunge zikiweza.

Waheshimiwa, nimewahi kusikia visingizio vitatu na nitavijibu kwa ufupi.

Cha kwanza ni gharama. Hapo ni sahihi kwamba Jumuiya haina fedha. Michango ya wanachama inachelewa mwaka hadi mwaka, na hata jengo la makao makuu lililofunguliwa Arusha mwaka 2012 lilijengwa kwa fedha za Ujerumani. Lakini kura ya maoni inaweza kuwekwa siku moja na uchaguzi mkuu wa kila nchi, karatasi moja ya ziada kwenye meza ileile. Itachukua miaka. Shirikisho lilitangazwa Nairobi Juni 1963 na Nyerere, Kenyatta na Obote kwamba litakuwa tayari kabla ya mwaka ule kwisha, kwa hiyo kusubiri tumeshazoea.

Cha pili ni kwamba wananchi hawaelewi. Wakenya waliikataa rasimu ya katiba mwaka 2005 na wakaikubali nyingine mwaka 2010, na katikati walikuwa wanaisoma kwenye matatu. Waganda wamepiga kura za maoni, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo. Wasudani Kusini walijipatia nchi kwa kura ya maoni ya Januari 2011. Watu wanaoaminiwa kuanzisha nchi hawawezi kuwa hawana akili ya kuiunganisha.

Cha tatu, kwamba wabunge wanatuwakilisha. Wanatuwakilisha kwa miaka mitano. Kinachotolewa hapa hakirudi baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Tamko la mkutano wenu wa kawaida ujao kwamba Katiba ya Fungamano haitaanza kutumika katika nchi yoyote kabla ya kura ya maoni ya nchi hiyo.

(b) Rasimu kamili itolewe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa siku moja, angalau miezi 12 kabla ya kura, na ipatikane kwenye kila ofisi ya kata.

(c) Kila nchi iwe na tume huru ya kura ya maoni, kama ile Ireland iliyoanzisha mwaka 1998, yenye kazi ya kumweleza mpiga kura kilichomo bila kumwambia achague nini, na kuwasahihisha hadharani wenye mabasi mekundu wa kwetu.

(d) Sheria iseme mapema matokeo ya ndiyo yatafanyiwa nini na ya hapana yatafanyiwa nini. Nchi ikikataa, ibaki mwanachama wa Jumuiya kama ilivyo bila adhabu, na isiulizwe tena mpaka maandishi yabadilike.

(e) Tanzania ihesabu kura za Bara na Zanzibar kila moja peke yake.

(f) Katiba iwe na mlango wa kutokea ulioandikwa, na kila hatua mpya kuelekea Shirikisho irudi kwa wananchi.

Nakala ya barua niliyoiandikia ile ofisi ninayo, pamoja na jibu lake lenye muhuri. Mkihitaji kuziona nitazileta makao makuu mwenyewe. Arusha ndiko ninakoishi. Naomba safari hii nijibiwe hoja kwa hoja.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mfanyabiashara wa vitunguu,
Arusha, Tanzania

Nakala:
Spika wa Bunge la Afrika Mashariki
Maspika wa mabunge ya nchi wanachama
Spika wa Baraza la Wawakilishi, Zanzibar